Jina la Kwenye Faili

Kifurushi kilishushwa stendi ya Nachingwea Jumatano asubuhi, kimefungwa kwa kamba ya katani na kuandikwa jina langu kwa wino wa buluu. Karani wa ofisi ya mabasi akaniuliza kama ni vitenge. Nikamwambia ni madaftari. Akakinyanyua tena kwa mkono mmoja, akasema madaftari gani haya mazito namna hii, au ni ya benki. Nilijua kilichomo kwa sababu mume wa Dada Editha alikuwa amenipigia simu kutoka Bukoba, wiki tatu baada ya mazishi, akasema marehemu aliacha maneno kwamba madaftari ya mwaka wa Ruangwa yaje kwa Somoe, kwa kuwa nusu yake ni ya Somoe. Mimi naona si nusu, labda robo. Lakini aliyesema ameshalala, siwezi kubishana naye. Nilikibeba hadi nyumbani nikakiweka juu ya kabati la vyombo, na jioni ile ile Rehema akapiga simu kutoka Matambarale. Habari za msiba zilikuwa zimemfikia. Aliposikia madaftari yamekuja akasema, Mama, Ijumaa nitakuja, unisomee ukurasa wa siku ile. Kusoma anajua mwenyewe, ila mwandiko wa Editha ulikuwa kama njia ya siafu, na walioweza kuufuata tulikuwa wawili tu duniani. Sasa nimebaki mmoja. Kwa hiyo leo Alhamisi nimeona bora niandike kwanza ninavyokumbuka mimi, kabla sijafungua alivyoandika yeye, ili nisije nikamwibia kumbukumbu zake nikaziita zangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili, elimu yangu darasa la saba, kazi yangu kukaanga maandazi nyuma ya soko. Nilipanga kwa Mama Salima, chumba kimoja chenye vitanda viwili, kwa sababu mwenzangu wa kwanza alikuwa ameolewa na Mama Salima hakupenda kitanda kilale tupu. Akamleta Editha. Alikuwa mwalimu wa sekondari ya hapa, mwenye digrii yake, mwenye mume na mtoto Bukoba, na bado alikuwa amejiandikisha chuo cha Dar es Salaam kusomea ustawi wa jamii kwa masafa, ile stashahada ya uzamili. Alinieleza kwamba hiyo ni ya mtu mwenye digrii tayari anayetaka kuhamia kazi nyingine. Nilimuuliza ualimu una ubaya gani. Akasema hauna, ila darasani alikuwa anawaona watoto mpaka saa nane mchana tu, halafu wanakwenda nyumbani, na matatizo yao yote yako huko nyumbani. Ukuta wetu haukufika juu, na nilimsikia Mama Salima upande wa pili akimwambia jirani yake kwamba ana mpangaji mtu mzima, ana miwani, analipa ada ili afundishwe shida za watu, kana kwamba za kwake hazimtoshi. Editha naye alisikia. Aliendelea kupiga mstari chini ya maneno kwenye kitabu chake, kwa rula, taratibu.

Vitabu vyake tulivitundika darini ndani ya kiroba kwa ajili ya mchwa. Chakula kilimsumbua zaidi ya vitabu. Ugali wa muhogo aliuzunguka wiki nzima kwa kijiko kabla hajakubali kuutia mkono, lakini ming'oko, mizizi yetu ya porini tunayoichemsha kwa chumvi, aliipenda siku ya kwanza, akawa anailamba chumvi yake kama mtoto. Kwao walimletea kopo la senene wa kukaanga. Mama Salima alionja mmoja, akatafuna kwa muda, akasema kumbe huko kwenu mnakula panzi halafu mnatucheka huku na panya wetu. Editha akamjibu kwamba senene wake angalau hajawahi kuchimbuliwa shimoni kwa jembe. Tangu siku ile Mama Salima alimwita Bibi Panzi, na Bibi Panzi akawa anaitika. Nasimulia hivi ili ionekane kwamba hakuwa mtu wa kujikweza, kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji afikiri hivyo.

Zoezi lake la mwisho lilikuwa mafunzo kwa vitendo, miezi minne katika ofisi ya ustawi Ruangwa. Kimwera hakujua hata salamu, na wazee wengi wa vijijini Kiswahili chao ni cha sokoni, kinaisha bei zikiisha. Mimi ni Mmakua, lakini Kimwera nimekulia ndani yake. Akaniomba niwe mkalimani wake. Tukahamia Ruangwa wote wawili, chumba kingine, ukuta mwingine usiofika juu. Siku ya kwanza alininunulia daftari kubwa la kaunta, akapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto, akasema, andika ulichoona na ulichosikia. Kulia, andika unachodhani. Ukichanganya, umemdhulumu mtu. Na upande wa kushoto haufutwi, hata ukiona aibu. Nimeandika hivyo mpaka leo, na sijui kama kumenifanya mtu mzuri zaidi au mtu wa wasiwasi zaidi. Nadhani yote mawili. Hilo liwekwe kulia.

Wiki ya pili tulikwenda Mandawa, kwa mzee aliyegombana na mwanawe juu ya shamba la mikorosho. Mzee alisema maneno mengi, nami nikayafupisha, na mwishoni nikamwongezea ushauri wangu kwamba mtoto ni mtoto, amsamehe. Editha akaniinamia. Msimamizi wake wa ofisi alikuwepo, na watu wa nyumba ile walikuwepo. Akasema, "Somoe, nataka maneno yake, si yako. Mkalimani hasemi lake." Hakupandisha sauti. Lakini yule mzee alielewa Kiswahili kiasi hicho, akatabasamu, na watu wa nyumba yake wakatabasamu, nami njia nzima ya kurudi nikatangulia peke yangu. Jioni niliandika kulia, kumbe mimi ni bomba la maji tu. Ukurasa huo ninao bado, na kila nikiusoma naona alikuwa na haki, na kila nikiusoma bado unaniuma.

Halafu likaja faili la Matambarale. Msichana wa darasa la sita, mama yake amefariki miaka miwili nyuma, anaishi na bibi mzaa mama. Baba yake, aliyekuwa ameoa tena Dar es Salaam, alituma ujumbe kwamba mwisho wa mwezi atakuja kumchukua, akakae na mtoto mchanga wa mke mdogo. Mwalimu mkuu aliandika ofisini kwamba mtoto ana akili na hataki kwenda. Ofisi ingeweza kumwita baba na upande wa mama wakae chini, lakini kwanza yapatikane maelezo ya msichana mwenyewe na kauli ya walezi wake. Bila hayo hakuna barua, na bila barua baba anachukua mtoto wake na hakuna wa kumzuia. Zilibaki siku kumi na mbili. Baba huyo nimtendee haki, nilikuja kumwona baadaye. Alikuwa mtu mpole, amechoka, mkewe akifanya kazi ya zamu, na aliamini kabisa kwamba mjini binti angepata maisha.

Sasa niseme jambo lenyewe. Huku kwetu msichana akichezwa unyago hutoka na jina jipya. Lile la utotoni linabaki kule porini, na kumwita nalo mbele za watu ni kumtukana, yeye na waliomcheza. Sisi tuliozaliwa huku hatufundishwi hilo na mtu, tunalikuta. Mimi mwenyewe Somoe ni jina la pili. La kwanza mume wangu wa miaka yote hii halijui. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, na sokoni Ruangwa nilikuwa nimesikia wanawake wa Matambarale wakisema mwali wao, yule aliyefiwa na mama, ametoka Jumapili na sasa ni Rehema. Alasiri ya kabla ya safari Editha alikaa kitandani akipanga karatasi, mimi niko mlangoni nageuza mbaazi kwenye jiko la mkaa, na alisoma jina la kwenye faili kwa sauti, lile lililotoka kwenye daftari la mahudhurio la shule. Nilijua papo hapo. Niligeuka, mdomo ukiwa tayari. Kisha nikakumbuka Mandawa, nikajiambia mkalimani hasemi lake, nikarudi kwenye mbaazi. Nakumbuka zilikuwa zimeanza kushika chini.

Kesho yake tulipanda lori la magunia ya ufuta, kisha tukatembea. Uwanjani kwa Bibi walikuwepo wanawake saba au wanane, wengine ni wale wale waliomcheza, na mjomba wa msichana, kaka wa marehemu mama yake, amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Editha aliwasalimu vizuri, akafungua faili, akaita jina lile. Hakuna aliyejibu. Akadhani hawakusikia, akaita tena kwa sauti ya darasani. Mara ya tatu msichana, ambaye alikuwa amekaa chini karibu na bibi yake, kichwa kimefunikwa kanga, alinyanyuka akaingia ndani, na Bibi akamfuata akafunga mlango. Mlango ule ulikuwa wa mabati, na sauti yake naisikia hata sasa nikiandika. Wanawake walianza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga. Mjomba alisema kwa Kiswahili chepesi kwamba maongezi yamekwisha, tupite salama.

Njiani Editha aliniuliza kilichotokea, nikamweleza habari ya majina. Nilimweleza kama mtu aliyekumbuka sasa hivi. Akashika kichwa. Akasema kwao mtoto hupewa jina na babu yake na linakwenda naye mpaka kaburini, ingemjiaje. Mimi nilisema ndiyo, isingekujia. Huo ndio upande wangu wa kushoto ambao nisingependa uwepo.

Angeweza kuandika ripoti yake na kuondoka. Msimamizi alimshauri hivyo, tena kwa nia njema, kwa kuwa alijua walimu wa chuo wako mbali na wanasahihisha karatasi, hawasahihishi mioyo. Alimwambia aandike kwamba mteja hakutoa ushirikiano, achague kesi nyingine, muda ni mfupi. Editha alisema mteja hakukosa ushirikiano, yeye ndiye amekosa adabu, na kesho anarudi. Akarudi. Tuliukuta mlango umefungwa, tukakaa kivulini mpaka saa tisa, tukaondoka. Kesho kutwa yake akarudi tena, malengelenge kisigino, kandambili zangu mguuni, na safari hii tukaelekezwa kwamba mjomba yuko shambani anakung'uta ufuta.

Alituona tangu mbali na hakuacha kazi. Alisema karibuni bila kutuangalia. Editha akavua kandambili, akasogea kwenye turubai, akachukua mganda mmoja, akaupiga kwa fimbo kwa nguvu zake zote, na ufuta ukarukia majanini. Mjomba akasimama.

"Mwalimu, ufuta hauchapwi kama mwanafunzi. Unauinamisha, unaugonga mgongoni, unashuka wenyewe."

Akamwonyesha. Tukakung'uta miganda kama ishirini. Kisha mjomba akajifuta uso, akanigeukia mimi, na akasema Kiswahili makusudi, ili Editha asihitaji mkalimani.

"Mtani, huyu katoka mbali, hajui kitu. Wewe umechezwa. Ulijua kama mwali katoka?"

Nikasema nilijua.

"Na jina la kwenye karatasi uliliona?"

"Nililisikia jana yake."

"Sasa mbona hukumwambia mwenzio?"

Jibu nilikuwa nalo tayari, lile la mkalimani hasemi lake, na lilikuwa kweli, na Editha alikuwepo pale kulishuhudia. Lakini kinywa kilikataa kulitoa. Nafikiri ni kwa sababu nilikuwa nimelitumia siku tatu nzima mwenyewe, likawa limeisha utamu.

"Nilikuwa nimenuna," nikasema.

Mjomba aliniangalia, halafu akamwangalia Editha, halafu akacheka kwa pua, cheko fupi lisilo na furaha. Akasema, kama Mmwera anavyomtania Mmakua, Wamakua bwana, mnaweza kuchoma nyumba ya watu kwa sababu mlinyimwa kiti. Kisha akatoa hukumu. Faini ni jogoo, na jogoo huyo ni wangu mimi, si wa mgeni. Mgeni yeye atakuja asimame mbele ya wanawake wale wale waliosikia, aseme jina linalostahili kusemwa. Akainama kuchukua mganda mwingine.

Njia ya kurudi Editha alitangulia. Alipofika kwenye daraja dogo la mawe alisimama akaniuliza, bila kugeuka, kama ni kwa sababu ya Mandawa. Nikasema ndiyo.

"Siku ile nilikosea kukusema mbele za watu," akasema. "Ila ulichofanya wewe ni kibaya zaidi."

"Najua, Dada."

Nilidhani ndiyo mwisho, kwamba atanirudisha Nachingwea kwenye maandazi yangu, na isingekuwa dhuluma. Tukiwa juu ya lori, tulipoanza kuona mabati ya Ruangwa, akasema tu, "Haya. Majogoo wanauzwa upande gani wa soko?"

Kwa hiyo niliingia Matambarale kwa mara ya nne nikiwa na jogoo mwekundu kwapani, naye alinikwaruza mkono mpaka damu, jambo lililowafurahisha wale wanawake kuliko pole yoyote ambayo ningeitoa. Mmoja akasema jogoo anajua kesi yake. Mwingine akamwambia Editha asimame juani, asikiwe vizuri. Editha akasimama juani. Alisema kwa Kimwera, maneno manne ya kuomba radhi niliyomfundisha kwenye lori, na aliyatamka vibaya kiasi kwamba hata Bibi alifunika mdomo kwa kanga. Kisha akaita, Rehema. Mlango wa mabati ukafunguka. Rehema alitoka macho chini, kama inavyompasa mwali, akaja akakaa kati yetu nyuma ya jiko, na akasema taratibu kwa Kimwera, nami nikamtafsiria Editha neno kwa neno bila kupunguza: "Nataka nimalize la saba. Nikimaliza, baba naye aseme lake."

Halafu nikasema, Dada, yake yamekwisha. Mimi ninalo langu, nikiruhusiwa. Akaweka kalamu chini, akasema sema. Nikamwambia asiandike barua kwa baba kwanza, kwa sababu huku kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba, na baba mwenyewe, akiwa mtu wa huku, akiona ameandikiwa yeye na mjomba amepitwa, atajua ofisi haijui inachofanya. Barua iende kwa mjomba, mjomba ndiye amwite. Editha alipiga mstari kwenye ukurasa, akaandika kulia, na juu yake akaandika herufi S. Ndivyo tulivyofanya tangu siku ile mpaka mwisho wa miezi minne. Ya mwenye maneno kwanza, yote. Halafu langu, likitajwa kuwa langu.

Baba alikuja siku aliyoahidi, akakaa na mjomba asubuhi nzima, msimamizi akiwa pembeni na karatasi zake. Wakakubaliana mtoto amalize shule. Sitaki kuifanya kubwa kuliko ilivyokuwa. Rehema alimaliza la saba na hakuchaguliwa kwenda sekondari, jina lake halikutoka kwenye orodha, na mwaka uliofuata alikwenda Dar es Salaam kwa hiari yake, akakaa kwa baba yake miaka miwili, akarudi na cherehani. Sasa ana mafundi wawili chini yake. Labda angefika hapo hapo hata bila sisi. Na labda siyo. Editha naye ripoti yake ilirudishwa. Aliandika yote, jina, mlango, jogoo, na kabla ya kuandika habari yangu aliniuliza, nikamwambia weka. Chuo kilitaka aandike upya sehemu nzima ya kwa nini aliingia nyumba ya watu bila kuuliza kwanza, kwa hiyo wenzake walivaa majoho na yeye yuko kwenye meza ya Mama Salima anaandika upya, vidole vina mafuta ya maandazi yangu. Kupitia ukuta nilimsikia Mama Salima akisema Bibi Panzi amefeli. Editha akajibu kwa sauti ya kupita ukuta kwamba Bibi Panzi hajafeli, anarudia. Muhula uliofuata alifaulu. Mimi nilibaki, na kwa kuwa alinitaja ofisini kwa mazuri na mabaya yangu, wakaanza kuniita kwa kazi za kujitolea, na naendelea kuitwa.

Namalizia leo Jumamosi. Rehema alikuja jana baada ya sala, na mwanawe mkubwa amempakia kwa pikipiki, akaleta ufuta kilo mbili na gauni alilonishonea bila kunipima, nalo limenikaa. Tulikula wali kwa kisamvu. Nilifungua kifurushi mbele yake, kama nilivyojiahidi, nikatafuta siku ile nikaipata. Karatasi imekuwa rangi ya chai. Upande wa kushoto Editha alikuwa ameandika kila kitu kwa mpangilio, magunia ya ufuta, wanawake wangapi, mjomba amekaa wapi. Nilisoma polepole, Rehema amefumba macho. Halafu nikaona inakuja, mistari mitatu chini, jina lile, limeandikwa mara tatu kama lilivyoitwa mara tatu, kwa sababu upande wa kushoto haufutwi. Nikaweka kidole juu ya mstari. Nilikuwa nimeshika mkononi maneno ya marehemu, nami ni mkalimani wake, na yeye alitaka maneno yote.

Rehema akafumbua macho. Alikuwa ameshaelewa.

"Ruka, Mama," akasema.

Nikaruka. Nikamwambia hapa nimeruka, ni uamuzi wangu na wako, Editha asihesabiwe. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza upande wa kulia aliandika nini. Nikageuza daftari kwenye mwanga wa dirisha. Upande wote wa kulia ulikuwa mtupu, ukurasa mzima, isipokuwa chini kabisa, mstari mmoja, nao nikamsomea kama ulivyo.

"Nimemuumiza mtoto wa watu. Kesho narudi."